Baiskeli mbali na magari: Bagamoyo hadi Kaole

Ndugu uliyeuliza ni wapi familia ya hapa Dodoma inaweza kuendesha baiskeli bila kuhangaishwa na magari huku ikitazama mambo ya kale ya pwani, nakushauri kwa moyo wote mwende Bagamoyo. Kutoka Mji Mkongwe wa Bagamoyo hadi magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, ni takriban kilomita 5 tu za ardhi tambarare, nanyi mtapita kati ya minazi na mashamba. Bagamoyo ndiko ilikoanzia njia ya misafara ya biashara ya zamani iliyokatiza Ugogo wetu kuelekea Ujiji, jambo linalonigusa kila nifikapo pale. Ondokeni alfajiri, mkiwa na pampu, viraka na solusheni.