Ndoa kwa wakili: mimi nilimuolea kaka yangu

Waalaykum salaam mleta uzi. Umeuliza kama mdogo wako aliyeko Muscat, asiyepata likizo, anaweza kumuoa binti wa watu Chake Chake kwa simu ya video. Simu iacheni, aweke wakili, yaani mtu wa kuikubali ndoa kwa niaba yake. Mimi nilimuolea kaka yangu huko Wete, naye alikuwa kazini huko huko Oman.

Watu hushtuka wakisikia wakili wa mume, ilhali wa upande wa mke tumemzoea. Baba anamwambia sheikh, "Nakuwakilisha uniozeshee binti yangu," sheikh anaozesha, tunakula halua tunaondoka. Nani aliwahi kuuliza? Na asili ipo: Bi Ummu Habiba (R.A.) aliozwa kwa Mtume (S.A.W.) yeye akiwa Habasha (Ethiopia), Mtume yuko Madina, na mahari akayatoa Najashi, mfalme wa huko.

Tatizo la simu ni mashahidi. Kwa sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mashahidi wawili lazima wahudhurie na wasikie ijabu (neno la kuozesha) na kabuli (neno la kukubali) kwa masikio yao. Hata wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu walipokaa Jeddah mwaka 1990 kuzungumzia mikataba ya simu na mitambo, waliikubali, ila ndoa wakaitoa kwa sababu hiyo hiyo. Kwetu simu ilitumika kabla ya kikao tu: kaka alimpigia sheikh, akanitaja mimi kwa jina, akamtaja mke kwa jina lake na la babake, na kiasi cha mahari.

Sasa nilipoteleza. Baada ya Alasiri, msikiti umejaa, nimevaa joho la kuazima, mkono wangu umo mkononi mwa sheikh. Akasema, "Nimemuozesha fulani binti fulani kwa kaka yako fulani, kwa mahari mliyokubaliana." Nami kwa wahka nikajibu nilivyozoea kusikia: "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo." Sheikh hakuuachia mkono. "Unamuolea nani?" Watu wakaangua kicheko, mimi jasho. Kumbe wakili asipomtaja aliyemtuma, kabuli haimfikii. Tukarudia: "Nimekubali kumuolea kaka yangu fulani." Mke wangu alikuwa kwenye masufuria ya biriani, lakini habari alizipata kabla sijafika nyumbani. Mpaka leo ananiuliza mke mwenza yuko wapi.

Mdogo wako naye ajue kwamba hapo uchumba umekwisha. Kaka alirudi baada ya miezi mitano, na muda wote huo walikuwa mume na mke, wanarithiana. Angemwacha kabla ya kumuingilia, nusu ya mahari ingekuwa haki ya mke. Angekufa, mke angekaa eda ya miezi 4 na siku 10, japo hawajalala chumba kimoja.

Na ikiwa wakili ni wewe, hilo neno "kumuolea" lifanyie mazoezi tangu usiku wake.