Maswali yenu: Nakala za kompyuta za nyumbani

*Nyumbani tuna kompyuta nne: yangu ya steshenari, ya mke wangu mwalimu, na mbili za watoto. Ninunue diski za nje nne za kutunzia nakala za mafaili? – Baba wa wawili, Uyole*

Hapana, ndugu yangu. Nunua mbili. Diski moja hubeba kompyuta zote nne ukiipa kila moja folda yake. Ya pili ni pacha wa hiyo, na kazi yake ni kukaa mbali na nyumba yako. Kabla ya kwenda dukani, pekua kila kompyuta uone kipi kikipotea hakirudi: picha za familia, mitihani ya mwalimu, orodha ya wadaiwa wa steshenari, kazi za wateja. Windows na programu huwekwa upya, na katuni za watoto utazipata tena pale wanapouza muvi. Jumlisha GB za hivyo visivyorudi, zidisha mara mbili, hicho ndicho kipimo chako. Mara nyingi terabaiti 1, yaani GB 1,000, inatosha na kubaki.

*Mwanjelwa nimeona flashi ya terabaiti 2 kwa elfu kumi na tano. Nichukue? – Kijana wa Soweto, Mbeya*

Iache hapohapo. Flashi za bei hiyo huwa zimechezewa zidanganye kompyuta. Ndani unaweza kukuta GB 32 tu. Itapokea mafaili bila kulalamika, nafasi halisi ikiisha inaharibu, na wewe unaona majina yote yapo ila hayafunguki. Kama umeshalipa, programu ya bure iitwayo H2testw huijaza mpaka mwisho kisha huisoma tena, ikuonyeshe nafasi halisi.

*Kwetu Tukuyu mvua haikatiki, na radi ndizo hizo. Nakala ikae wapi? – Mama wa duka la dawa*

Shikamoo mama. Radi ikipiga waya wa umeme inaweza kuunguza kompyuta pamoja na diski iliyochomekwa. Kwa hiyo ukimaliza kunakili, chomoa. Hapo umejikinga pia na kile kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, maana kikiingia hufunga na diski zote kinazoziona.

Diski ya pili, ile pacha, mpelekee ndugu, hata kama yuko Iringa. Ukienda msibani au sikukuu, beba ya nyumbani yenye mambo mapya, mwachie, urudi na ile ya zamani. Mimi nisingeitoa nyumbani bila nywila, hasa yenye taarifa za wagonjwa. Programu ya VeraCrypt hufanya kazi hiyo bure. Nywila iandike kwenye karatasi, na karatasi isisafiri na diski. Ukiisahau, hakuna fundi wa kukufungulia.

*Si niweke tu Google Drive, ile hifadhi ya mtandaoni? – Mwanachuo, Iringa*

Weka, ila si huko tu. GB 15 za bure zinatumiwa pamoja na barua pepe na picha zako. Halafu ukifuta faili kwenye folda ya kompyuta iliyounganishwa na Drive, na huko linafutika. Una siku 30 za kulitoa kwenye pipa la taka. Ripoti ya utafiti ipeleke huko, maandishi hayali bando. Video ya harusi ya dada isubiri diski.

*Nitajuaje nakala ni nzima? – Mafinga*

Chomeka diski kwenye kompyuta nyingine, si ile ile. Fungua faili la zamani, fungua jipya, video iache iende mpaka mwisho. Diski ikianza kugonga tik-tik, achana na majaribio: nakili yaliyo muhimu kwanza, kisha katafute nyingine.