Mashine Ilisema 96, Macho Yangu Yakakataa

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Kayole, Nairobi. Mwanawe wa miaka 5 amekuwa akikoroma tangu mwaka jana, hulala shingo ameitupa nyuma kama anayetafuta kitu darini, na asubuhi shuka huwa limelowa. Alimpeleka hospitalini, mtoto akafungwa kipima oksijeni, kile kifaa cha mwanga kinachofungwa kidoleni, usiku kucha, na majibu yakaja kwamba wastani wa oksijeni katika damu yake ni asilimia 96. Akaambiwa, "Mama, mtoto yuko sawa." Sasa ananiuliza kama wasiwasi wake, kwamba mtoto hukatika pumzi usingizini (ugonjwa uitwao "sleep apnea"), ni wa bure. Nilikaa na ujumbe huo siku mbili bila kuujibu, kwa sababu maneno hayo nami niliambiwa, na niliyaamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu.

Mwanangu alikuwa na miaka 4. Mama mkwe alikuwa akisema anakoroma kama babu yake, na sote tulicheka. Usiku mmoja stima ilipopotea nililala karibu naye, na kwa kuwa hapakuwa na kelele ya televisheni wala friji, nikasikia nisichokuwa nimekisikia: anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Nilimmulika kwa simu. Kifua kilikuwa kinahangaika, ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani, lakini mdomoni hapapiti kitu. Nilihesabu hadi 14, kisha akashtuka, akavuta pumzi kwa mkoromo, akageuka na kuendelea kulala. Mto ulikuwa umelowa jasho.

Hospitalini, ambayo sitaitaja, walimfunga kipimo kwenye kidole gumba cha mguu kwa plasta, na taa nyekundu ikawaka usiku mzima kama kaa la moto chini ya blanketi. Mimi nilikesha nikiitazama nambari. Pumzi ilipokatika, nambari ilikaa 95, ikashuka hadi 92, ikarudi 96. Asubuhi daktari alisoma karatasi na kusema hakuna jambo. Nilitoka pale na furaha, ndiyo, furaha, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu niliacha kumtazama usiku. Mwalimu aliposema mtoto anasinzia darasani na ni mtundu, nilimkaripia. Alipokojoa kitandani, nilimchapa. Mara mbili.

Miezi saba iliyofuata ilikuwa ya dawa za mafua na dawa za mzio, na sina haja ya kuisimulia. Kisha akapata nimonia. Katika hospitali nyingine klipu ya kidoleni, kipimo cha aina ileile, ilisoma 93, na kwa utaratibu unaofuatwa nchini mtoto huwekewa oksijeni anaposhuka chini ya 90, kwa hiyo hakuwekewa. Daktari kijana aliyekuwa zamu ya usiku hakuridhika, kwa kuwa mtoto alikuwa mzito kuamka. Akabadilisha kidole, ikasoma 93 tena. Akatoa damu kwenye ateri ya kifundo cha mkono, akaipeleka maabara mwenyewe, akarudi na karatasi: 86. Aliwasha oksijeni kabla ya kunieleza lolote.

Alichonieleza baadaye ndicho ninachotaka wazazi wenzangu wakielewe. Klipu ile haigusi damu. Inapitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi kidoleni, kisha inakisia oksijeni kutokana na jinsi kila mmoja ulivyofyonzwa. Mbinu yake ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na imeokoa watu wasiohesabika. Sitaki mtu atoke hapa akidhani ninaitukana. Lakini melanini, ile rangi inayoipa ngozi yetu weusi, nayo hufyonza mwanga, na mashine hufundishwa kukisia kwa kutumia watu wazima wenye afya wanaopumua hewa iliyopunguzwa oksijeni huku damu yao ikipimwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulitaka watu wasiopungua 10 katika majaribio hayo, na kati yao weusi wawili au asilimia 15. Wawili! Watoto hawakuwamo, na haiwezekani kumnyima mtoto hewa kwa ajili ya majaribio.

Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha klipu na damu ya ateri kwa wagonjwa wazima. Pale klipu iliposoma kati ya 92 na 96, wagonjwa weusi ambao damu yao kwa kweli ilikuwa chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7, na weupe asilimia 3.6. Tafiti za baadaye kwa watoto waliolazwa zimeonyesha mwelekeo uleule. Kosa hukua kadiri oksijeni inavyoshuka, yaani pale hasa tunapoihitaji mashine iseme kweli.

Sasa liweke jambo hilo kwenye usingizi. Anayesoma rekodi ya usiku hutafuta mashimo, yaani mahali nambari iliposhuka, hasa yale yanayoshuka chini ya 90, tena yanayokuja kwa makundi. Ikiwa shimo la 87 limeandikwa 91, limefutika. Ongeza kwamba mashine nyingi hutoa wastani wa sekunde kadhaa, kwa hiyo mshuko wa ghafla hulainishwa ukaonekana kama bonde dogo. Siwezi kuapa kwamba ni rangi ya ngozi peke yake iliyomficha mwanangu usiku ule. Vidole vyake vilikuwa baridi, na alirusharusha miguu. Lakini kinachonikera zaidi ni hiki: kosa hili lilionekana Marekani kwa sababu mweusi na mweupe walilala wodi moja wakalinganishwa. Wodi zetu za Nairobi zimejaa ngozi kama ya mwanangu, kila klipu inapotoka upande uleule, na hakuna kitanda cha pembeni cha kutushtua.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mrekodi mtoto. Rekodi video ya dakika kadhaa, nguo ikiwa imefunuliwa kifuani, sauti ikisikika, na urekodi karibu na alfajiri, kwa sababu pumzi hukatika zaidi katika usingizi wa ndoto, ambao huwa mrefu saa hizo. Ukienda kwa daktari, omba kuona mchoro wa usiku mzima, si wastani. Uliza kipimo kiliwekwa kutoa wastani wa sekunde ngapi, kwa kuwa katika kupima usingizi hutakiwa zisizidi 3. Usitafute ubuluu, ile dalili ya oksijeni kupungua, kwenye midomo ya mtoto mweusi. Tazama ulimi na ufizi. Na ukiambiwa kipimo cha kidole ni kizuri, jua kwamba hata mashine isiyo na upendeleo wowote haiwezi kuthibitisha kwamba mtoto hana ugonjwa huu, maana watoto wengi hushtuka kabla oksijeni haijashuka. Kipimo kamili ni cha kulala maabara, na gharama yake itakufanya uketi chini. Ndiyo maana narudia: rekodi video. Tusiwe wazazi wa kuitikia "sawa daktari" huku tumbo linatuuma. Daktari mzuri hachukizwi na swali, na anayechukizwa ana mlango, nawe una miguu.

Daktari wa masikio, pua na koo aliitazama video yangu chini ya dakika moja. Nyama za pua zilikuwa zimeziba karibu njia yote, na tonsili zilikaribia kugusana. Si kila mtoto huhitaji kisu. Wapo wanaopona kwa kusubiriwa, nami nilimwuliza hilo waziwazi. Mwanangu alifanyiwa upasuaji Agosti. Wiki ya tatu niliamka saa tisa usiku kwa hofu kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno, nikakimbia, nikamkuta amelala ubavu, mdomo umefungwa, shuka kavu.

Mama wa Kayole nilimjibu juzi kwa sentensi moja, nikimwomba video. Imefika jana, sekunde 52. Pumzi inakatika kwenye sekunde ya 19 na kurudi kwenye sekunde ya 32, na nyuma yake anasikika akinong'ona, "umeona?" Nimemwambia nimeona. Ana miadi Jumanne, na ameniomba niandamane naye.