Je, liwali Sergio Paulo alibatizwa?

Ndugu, umeuliza kama Sergio Paulo, liwali wa Kipro, alibatizwa pale Pafo. Kitabu cha Matendo ya Mitume katika Biblia, sura ya 13, kinasema tu kwamba aliamini, baada ya Elima mchawi kupigwa upofu na kuanza kutafuta mtu wa kumshika mkono, ilhali habari za Kornelio akida katika sura ya 10 zinataja ubatizo waziwazi. Kwa maoni yangu, ukimya huo hautoshi kuikana imani yake. Linalonivutia zaidi ni kwamba mtume Paulo, alipoondoka kisiwani Kipro, alipanda hadi Antiokia ya Pisidia, mji ambako wachimbuaji wamepata jiwe lenye jina la ukoo huohuo wa Sergio Paulo; huenda liwali ndiye aliyemwelekeza huko.