Ukikagua Boti Iliyotumika, Anzia Ngamani

Boti yangu ya kwanza ya injini niliinunua kwa kuipenda tu. Faiba iling'aa, viti vilikuwa vipya na injini iliwaka mara moja, nami nikakabidhi fedha bila kujiuliza kwa nini ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hutuama, ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa inanukia sabuni. Wiki chache baadaye fundi alifungua skrubu moja chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, na tundu likaanza kuvuja maji ya rangi ya chai: mbao zilizofichwa ndani ya faiba, zile zinazobeba uzito wote wa injini, zilikuwa zimeoza. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi siku hizi huanzia huko huko.

Fungua kila kifuniko cha sakafu, umulike kwa tochi. Mstari wa oili au chumvi kwenye kuta za ndani huonyesha maji yaliwahi kupanda hadi wapi, na nyaya zenye kutu ya kijani husimulia hayo hayo. Ukisikia harufu ya petroli, usiguse swichi yoyote, kwa sababu mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, na cheche moja inatosha kuulipua. Kama hakuna harufu, mwaga ndoo ya maji uone iwapo pampu itajiwasha yenyewe.

Kisha gonga faiba taratibu kwa mpini wa bisibisi, shubiri kwa shubiri. Mahali pazima hutoa mlio mkavu na mkali. Palipooza au palipoachana tabaka hutoa mlio mzito, kama wa kugonga gunia. Tezi ipe muda zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kama injini ni ya kuning'iniza nje, iinue nusu, ukandamize sehemu yake ya chini kwa nguvu za mikono huku mwenzako akiutazama ubao ulioibeba: ukipinda, au nyufa zikifunguka pembeni, mimi ningeaga na kwenda zangu.

Kuhusu injini, mwombe muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ufikapo uiguse kwanza. Ikiwa ya moto, huenda kuna jambo analoficha, kwani injini yenye matatizo ya kuwaka huyaonyesha ikiwa baridi. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Tofauti inayozidi asilimia 10 hivi kati ya silinda inahitaji maelezo. Alegeze pia skrubu ya oili ya gia: oili yenye rangi ya maziwa ina maana kwamba maji yameingia, mara nyingi kwa sababu ya sili (mipira ya kuzuia maji) zilizokatwa na mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela. Namba za bodi na za injini zilinganishwe na hati zake.

Usikubali kuonyeshwa injini ikiunguruma nchi kavu kwa bomba la maji, ukaambiwa hilo ndilo jaribio. Nendeni majini kwa muda usiopungua nusu saa, mkiwa na mzigo wa kawaida. Uzi wa maji ya kupoozea utoke bila kukatika, usukani uzunguke bila kukwama, na mkisukuma moto (wenzo wa kasi) hadi mwisho mizunguko ifikie kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, ambacho kwa injini nyingi za mipigo minne ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Isipofika, huenda propela si ya saizi yake, au injini yenyewe imechoka.

Mkirudi gatini, kabla bei haijatajwa, fungua tena vifuniko vile vile. Ngama uliyoiacha kavu ikiwa sasa ina maji, usitie sahihi popote hadi ijulikane yameingilia wapi.