Re: Samaki wa kopo bila kuwachosha watoto

Ndugu, umeuliza namna ya kupika samaki wa kopo watoto wasimchoke na chumvi isizidi. Kosa la wengi ni kumchemsha upya. Yule ameshaivia ndani ya kopo. Ukimpika dakika 20 anageuka makapi. Kaanga kitunguu na saumu kwa mafuta kidogo, tia nyanya na karoti iliyokunwa, acha rojo lishikane, ndipo umtie samaki. Dakika 3 zinatosha. Kamulia limau, pakua na wali au tambi.

Chumvi ni rahisi: nunua aliyehifadhiwa kwenye maji, mwaga yale maji, na usiongeze chumvi kabla ya kuonja.

Miiba ya sadini usiitoe. Joto la kiwandani limeshailainisha, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Kwa watoto wanaobagua, ponda sadini pamoja na viazi vya kuchemsha na yai 1, finyanga vidonge bapa, kaanga kwa mafuta machache. Wangu hawajui kuna miiba humo, nami sijawaambia.

Akibaki, mhamishie kwenye bakuli lenye kifuniko, friji, mmalizeni ndani ya siku 3. Kopo lililovimba tupa, hata usilifungue.