Jibu: Pine Grove Furnace na watoto, siku moja inatosha?

Mkuu, siku moja Pine Grove Furnace inatosha kabisa, na kiingilio hakuna. Ni hifadhi ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, na hifadhi za jimbo hilo ni bure. Anzeni kwenye tanuru la mawe. Kazi ya kuyeyusha chuma ilianza 1764 ikafa 1895, na mkaa wake ulitoka kwenye miti ya hapohapo, kwa hiyo msitu mtakaouona umeota upya. Ziwa Fuller mtakaloogelea lilikuwa shimo la kuchimbia madini ya chuma, likajaa maji ya ardhini. Baridi yake hata Julai utaruka! Lina kina kirefu pia, watoto wasivuke sehemu ya kuogelea. Dukani hapo hifadhini mtawakuta watembeaji wa njia ya Appalachian, ile njia ndefu ya miguu ya mashariki mwa Marekani, wakipambana kumaliza aiskrimu ya karibu lita 2, desturi yao ya kusherehekea nusu ya safari. Mimi niliishia nusu ya aiskrimu, tumbo likagoma.